Udongo wa Kujaribia Mashine

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuniomba kitu tangu nije Ubelgiji, ndiyo maana alipoomba nilikasirika. Wengine wote wa nyumbani huomba: simu, viatu, dawa za presha, jezi za mpira. Nimezoea. Nikiweza natuma, nisipoweza nanyamaza. Yeye alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili kunisalimu tu, kunieleza nani kaoa na nani kazikwa, na mimi nilikuwa nikiutunza ule ujumbe niusikilize Jumatatu asubuhi, siku ambayo mwili wangu huwa hautaki kuamka. Sasa Jumatatu hiyo nimo kwenye metro, natoka mtaani kwetu Koekelberg kwenda kazini, miguu bado imevimba, nasikia sauti yake ikisema anataka mashine ya kutafutia dhahabu.

Nikajisemea, haya, na huyu naye. Nikataka kuzima. Halafu nikausikiliza mpaka mwisho.

"Mudogo," alisema, "mi nimezeeka mu shimo. Kama ile mashini inafika, sitashuka tena. Nitatembea juu, ku jua, nasikiliza udongo. Bon, kama unaweza. Kama hauwezi, basi, c'est pas grave."

Baada ya hapo alisahau kuachia kitufe cha simu, nikamsikia anakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu cha mtu aliyeinama, ameshika magoti. Abiria aliyekaa mbele yangu alinitazama, nikagundua kwamba nimeziba mdomo kwa mkono kana kwamba anayekohoa ni mimi.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Kalemie. Ndiye aliyenifundisha kusoma, tena kwa fimbo. Mshahara ulipokuwa hauji miezi nenda rudi, alipanda milimani kwa wachimbaji, akasema ni kwa muda tu. Ule muda haukwisha. Kule wanashuka shimoni kwa kamba, kisha wanatambaa ndani ya tundu lenye upana wa mwili wa mtu. Kila mchimbaji ana nafasi yake katika timu. Ukiiacha, mwingine anaichukua, na ukirudi unaanza upya mwisho wa tundu, mahali wanapowekwa wageni, pasipo na hewa. Kaka alikuwa na nafasi nzuri, karibu na mdomo wa shimo, aliyoipata kwa ukongwe wake. Hata hapo karibu na mdomo mapafu yake yalikuwa yakimwisha. Nilielewa vizuri kwamba asipotoka sasa atatolewa amebebwa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Siku zile asubuhi zangu zilikuwa za mzee mmoja wa mtaa wa Uccle, mjane, mtu wa ofisi zamani, mwenye nyumba kubwa iliyozungukwa na miti na magoti yasiyomtii. Namwamsha, namwogesha, namvalisha, nampikia supu, halafu naenda kwa mwingine. Wazungu wa Uccle hawapigi kelele, hata mbwa wao wana adabu, na ukimya ule ulikuwa ukinichosha kuliko kazi yenyewe. Asubuhi ile nilimfunga vifungo vya sweta vibaya, kimoja kikabaki hewani. Akaniuliza nimekasirikia nini. Nikamwambia kaka yangu mzee mzima anataka kitu cha kuchezea, fimbo ya umeme ya kutafutia dhahabu.

Mzee akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nianze kazi kwake. Akaniambia niende gereji, nyuma ya baiskeli isiyo na matairi, nifungue kabati.

Nikaikuta mle. Fimbo ya kijivu yenye mpini, kisanduku chenye vitufe vitatu vya kuzungusha, na chini sahani ya plastiki, kubwa kama ya kulia ugali. Wao huiita détecteur, na mimi tangu siku hiyo naiita detekta. Alikuwa akitembea nayo mashambani enzi za ujana wake, kwa ruhusa ya wenye mashamba, akitafuta sarafu za kale. Alisema haimsaidii tena kitu, kaka yangu aichukue, ila kwa sharti moja: nisiitume kabla sijajua kuitumia, maana detekta iliyorekebishwa vibaya ni fimbo ya kutembelea tu, na atakayemfundisha kaka yangu kwa simu ni mimi.

Mimi na mashine hatuelewani, hata ile ya kahawa. Lakini ndivyo nilivyoanza. Kila asubuhi, supu ikiwa jikoni, mzee alikaa kwenye kiti mlangoni mwa gereji, blanketi miguuni, nami nikatembea kwenye nyasi zake na vipokea sauti masikioni nikipitisha ile sahani juu ya ardhi kushoto na kulia. Tulibaki bustanini mwake, maana huko nje kuna sheria zake. Jirani alichungulia juu ya ua. Nadhani aliona kwamba siku hizi wahudumu wa wazee wanadeki mpaka nyasi.

Kitufe cha kwanza ni cha usikivu. Nilikizungusha mpaka mwisho, nani hataki kusikia zaidi? Mashine ikanipigia kelele masikioni bila kukoma. Mzee akasema kila mgeni hufanya hivyo. Ukiipa usikivu kupita kiasi inajisikia yenyewe, na nyaya za umeme za mtaani, na kila kitu kisichokuhusu. Rudisha nyuma mpaka itulie, halafu ongeza kidogo.

Cha pili ni cha kuisawazisha na udongo. Unainua sahani, unaishusha, unainua, unaishusha, huku unazungusha taratibu, mpaka sauti isibadilike sahani ikiwa juu au chini. Maana yake mashine imeuzoea udongo wa pale na haiushangai tena. Udongo wa Uccle ni mpole, ulikubali upesi.

Cha tatu ndicho kilichonitesa. Hicho huiambia mashine ikatae chuma. Pale bustanini palikuwa na banda la kuku zamani, likabomolewa, na misumari yake yote ikabaki ardhini. Kila hatua, msumari. Detekta ikipata msumari inalia kwa hasira, sauti inayokwaruza, nami nikawa naichukia sauti ile hata nikiwa kwenye tramu naisikia. Nilitaka kukizungusha kitufe mpaka misumari yote inyamaze. Mzee alinizuia: ukikataa chuma sana, utakataa na dhahabu ndogo, kwa sababu punje ndogo huonekana kwa mashine kama kipande cha chuma. Ilibidi kutafuta katikati, na hiyo katikati ilinichukua asubuhi nyingi, mgongo ukiniuma, mvua ile ya Brussels isiyo mvua wala ukungu ikinilowesha shingo.

Tulikuwa tukijaribia kwa pete yangu ya ndoa. Tunaifukia, napitisha sahani, inaimba vizuri hadi raha. Nilidhani tumemaliza. Mzee akatikisa kichwa. Pete ni duara lililofungwa, alisema, na duara hulia kuliko ukubwa wake. Dhahabu kama inavyotoka ardhini ni bonge tu, lenye vishimo, nayo hulia kidogo sana. Akaniagiza nilete kikopo cha vidonge kilichokuwa kwenye droo ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na jino la dhahabu, lake mwenyewe, lililong'oka zamani na akakataa kulitupa. Nilikuwa nimemwosha mzee yule sehemu zote za mwili, lakini kushika jino lake kulinitia haya.

Jino likawa punje yetu. Nililifukia kina cha kidole changu kirefu, nikapitisha sahani, nikasikia kama mbu mbali. Nikarekebisha tena. Nikasikia mbu karibu. Siku ile nilichukua rangi ya kucha nyekundu kutoka mkobani nikatia alama penye kila kitufe, ili kaka yangu ajue pa kuacha mkono.

Ndipo mzee akauliza udongo wa kwetu ukoje. Hii bustani si nchi yenu, alisema. Mashine inayosikia vizuri hapa inaweza kuwa kiziwi kule. Jaribu kupata udongo wa kwenu, hata beseni moja.

Nikafurahi, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi. Jumamosi nikaenda Matonge, mtaa wenye maduka ya watu wa kwetu, nikaingia kwenye duka lile penye mihogo na samaki wakavu mlangoni, nikaomba mabele, ule udongo wa kula ambao hamu yake haiwaishi wajawazito wetu. Nikaomba mwingi. Mama muuzaji alinitazama kutoka kwenye nywele zangu za mvi hadi tumboni.

"Maman, ni ya mimba ao ni ya hamu?"

Nikamwambia ni ya mashine. Akafunga mabonge yangu kwenye karatasi kwa upole mkubwa, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Jumatatu tukauponda kwa nyundo gerejini, tukaujaza kwenye beseni, tukaweka jino chini yake. Mzee alikuwa hajalala vizuri usiku, anasinzia kitini, kazi nikaifanya mwenyewe. Nikainua sahani, nikaishusha. Kimya kitupu. Udongo ule haukuisumbua detekta hata kidogo. Na jino lilisikika, tena safi kuliko bustanini. Nilikaa chini kwenye saruji nikacheka peke yangu. Nikamtumia kaka ujumbe palepale, kabla hata sijanawa mikono, kwamba mashine imesikia dhahabu chini ya udongo wa kwetu.

Alijibu katikati ya wiki, bila kungoja Jumapili. Alikuwa amekwenda kwa mkubwa wa shimo akamwambia basi. Nafasi yake amempa mwanamume mmoja mwenye watoto wadogo. Kamba yake ameigawa. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu tena, ile ya siku za kufunga shule. Nilikuwa nasubiri tramu kwenye baridi, nikalia mbele za watu, na nililia kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa macho, ananywa kahawa yake. Mbele yake aliweka bonge la mabele lililobaki, na sumaku aliyoiondoa kwenye mlango wa friji, ile ya kubandikia karatasi, yenye umbo la kinu cha upepo. Aliniuliza kama nchi yetu yote ni nyeupe hivi.

Nikamwambia hapana, ni nyekundu.

Alilisaga bonge kwa kitako cha kikombe. Alipitisha sumaku juu ya unga wa mabele, akanionyesha. Haikushika hata punje moja; udongo ule haukuwa na chuma cha kuisumbua detekta.

Sikuhitaji maelezo. Mabele nayajua tangu tumboni mwa mama yangu. Ni udongo mweupe unaochimbwa mahali pake na wanawake, laini, mtamu, na hakuna mtu aliyewahi kuingia humo kutafuta dhahabu. Nilikuwa nimeununua kwa sababu tu umetoka kwetu. Miaka yote hapa Brussels nimenunua vitu kwa sababu hiyo, mboga zilizochakaa, samaki wasio na ladha, na sikuwahi kujiuliza. Safari hii kaka yangu alikuwa ameachia nafasi yake kwa ajili ya bonge la mabele.

Mzee aliuliza kama hakuna njia ya kupata udongo mwekundu. Nikasema nitaangalia. Nilijua uko wapi. Ulikuwa juu ya kabati la nguo zangu, ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, umefungwa kwa kitambaa.

Baba yetu alifariki wakati karatasi zangu za kukaa hapa zilikuwa bado hazijatoka. Ningeondoka nisingerudi. Kaka ndiye aliyesimamia kila kitu, na siku ya maziko, kabla kaburi halijafunikwa, alichota udongo wake akajaza kopo lile, akampa msafiri aniletee. Alisema kwa kuwa sikuja kuutupa udongo, basi udongo uje kwangu. Sikuwahi kulifungua. Nilikuwa nikilifuta vumbi wakati wa Krismasi na kulirudisha mahali pake.

Sasa niliacha siku zipite. Kila asubuhi nilimwambia mzee nimesahau, naye kila asubuhi alisema sawa, kesho. Alikuwa hajui ni udongo gani, lakini alijua sijasahau. Nilichoka na uongo wangu kuliko nilivyochoka na ngazi zake. Kisha ukaja ujumbe wa kaka: mashine inafika lini? Watu wa mlimani walikuwa wameanza kumtania kwamba mwalimu amekaa juu ya jiwe anasubiri ndege ya Ulaya. Alicheka aliposema hivyo. Ila nilisikia sautini mwake kwamba amechoka kuchekwa.

Nikalitia kopo kwenye mfuko wa sokoni, nikalipakata metroni na kwenye tramu mpaka Uccle.

Nilimwambia mzee ni nini, maana sikuweza kuumimina bila kusema. Alivua kofia yake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema, baba alikuwa mtu wa kazi, hatakasirika. Nikafungua kitambaa. Ulikuwa mwekundu kama nilivyoukumbuka, mkavu, una harufu ya vumbi la kwetu kabla ya mvua. Halafu nikaumimina kwenye beseni.

Mzee alipitisha sumaku. Ilipoinuka ilikuwa imeota ndevu, ndevu nyeusi za vichembe vya chuma pande zote. Akashusha pumzi.

Nikavaa vipokea sauti, nikawasha, nikaleta sahani karibu. Detekta ikapiga yowe. Nikaipunguzia usikivu. Yowe. Nikainua, nikashusha, nikazungusha kitufe cha pili mpaka alama yangu ya rangi ikawa mbali kabisa, na hatimaye ikapungua, ikawa mngurumo wa chini usiokwisha. Tukaweka pete chini ya beseni, nikaisikia kwa shida. Tukaweka jino. Mngurumo uleule. Nikalisogeza jino juu, chini ya udongo usiozidi unene wa kidole. Mngurumo uleule. Mzee alinielekeza hiki na kile kutoka kitini, sauti yake ikazidi kuwa ya chini, mpaka akaacha kuelekeza. Alisema kuna detekta za aina nyingine, zinazopiga mapigo na kusikiliza kati ya pigo na pigo, ambazo hazijali udongo mwekundu. Hakuwahi kuwa nayo. Nilijua vilevile kwamba, kwa bei yake, mimi na kaka yangu hatutakuwa nayo. Na udongo wa milimani, kaka alishaniambia, ni mwekundu kuliko huu.

Nilimkasirikia baba. Ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilisimama na zile kelele masikioni nikamkasirikia. Kisha nikachukua kijiko cha supu nikaanza kuurudisha udongo koponi, polepole, nisiache kitu. Vile vichembe vya kwenye sumaku nilivifuta kwa kidole, vingine vikakataa kutoka. Mzee akasema nichukue na sumaku yenyewe.

Jumapili sikungoja ujumbe wake. Nikapiga simu baada ya kanisa, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyangu vya ibada. Nikamweleza yote bila kuzunguka: mabele, sumaku, jino, kopo. Mwisho nikamwambia mashine haitasikia dhahabu ya kule, na kwamba nafasi yake ameiacha bure. Nikangoja anigombeze. Alikuwa na haki.

"Ulitumia udongo ya papa?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na mashini ikapiga makelele."

"Sana, yaya," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu.

Nikasikia anapumua kwa kukatakata, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Papa," alisema. "Hata mu kopo hanyamaze." Baba yetu kweli alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Tukacheka wote wawili mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nikasubiri kikohozi kiishe, nikihesabu maua ya pazia. Kilipoisha nilimuuliza atafanya nini. Nilijua jibu. Mwisho wa tundu, pamoja na vijana wageni.

Akauliza badala yake, "Na chuma? Inasikia chuma?"

Nikamwambia yaya, hicho ndicho inachosikia. Miezi yote hii kazi yangu ilikuwa kuizuia isisikie chuma.

"Alors, usiizuie," alisema. "Hapa chuma iko mingi kuliko or, kuliko dhahabu. Bazungu ba zamani baliacha mareli, maboulons, maboliti, byote biko mu udongo. Mafundi ya majembe banalilia chuma kila siku. Tuma, mudogo. Nilisema sitashuka. Donc, sitashuka."

Nilimwuliza kama anajua kwamba chuma chakavu hakimpi mtu utajiri. Alinijibu kwa sauti ya darasani kwamba hata shimo halikumpa.

Jumatatu nikafuta rangi ya kucha kwenye vitufe vyote kwa pamba na dawa yake. Nikaomba kwa mzee boliti kubwa kutoka gereji. Kopo la baba nikalimimina tena, mara ya mwisho, nikafukia boliti chini kabisa ya beseni. Usikivu niliuweka chini, kitufe cha tatu nikakirudisha mwanzo, kisikatae kitu. Juu ya mngurumo ule wa udongo boliti ililia waziwazi, ile sauti ya kukwaruza niliyoichukia. Nikatia alama mpya. Mzee alisema kwamba katika maisha yake hakuwahi kuona mtu akirekebisha detekta ili ipate takataka. Lakini alisema hivyo huku akinishikia tochi.

Mwanamke wa kanisani kwetu aliyekuwa akisafiri aliibeba imefunguliwa vipande, sahani imefungwa kwenye vitenge. Kaka akaipokea. Kwa muda nilikuwa mwalimu wake kwa simu, naye alikuwa mwanafunzi mbishi: alizungusha usikivu mpaka mwisho, kama mimi, kama kila mtu. Nikamkaripia. Alifurahi kukaripiwa, nadhani.

Ujumbe wake wa kwanza wa kazini niliusikiliza tramuni, halafu nikausikiliza tena kwa mzee, nikiweka simu mezani pembeni ya supu. Kwanza ni hatua zake kwenye majani makavu, na ule mngurumo. Kisha yowe. Hatua zinasimama, jembe linachimba, anapumua kwa nguvu. "Musumari," anasema. Hatua tena. Yowe, jembe. "Musumari." Mzee aliinamisha kichwa kusikiliza, akasema mwambie apunguze kidogo kitufe cha kwanza.

Ikafuata ile sehemu ambayo kaka husahau kuachia kitufe cha simu. Akakohoa, kirefu kama zamani. Lakini nyuma ya kikohozi kulikuwa na upepo, na jogoo, na mtu mbali akimwita mwalimu, vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia akiwa kazini, maana shimoni havifiki. Niliurudisha nyuma nikausikiliza tena jogoo yule. Supu ya mzee ikapoa, naye hakuidai.